Mtoto Wangu Anasikiliza Kesi za Mauaji, Sasa Watu Wanasema Anaona

Mama Kulsumu mshauri wetu, shikamoo. Mimi ni msikilizaji wako wa siku zote, nakusikiliza huku napepeta maharage, na leo naomba unisaidie kwa sababu kichwa kimejaa na baba watoto nikimwambia anacheka tu. Naishi nje kidogo ya Namanyere, nimeolewa, nina watoto wanne, na huyu ninayekuandikia habari zake ni wa pili, anaitwa Jenifer, yuko kidato cha pili, akili anazo, darasani hajawahi kunitia aibu, ila tangu baba yake Isdori, ambaye ni tingo wa malori, alipomletea simu kubwa kutoka mpakani Kasesya, mtoto amebadilika.

Mama, wenzake wanasikiliza miziki, huyu wangu anasikiliza mauaji. Siyo filamu, ni kesi za kweli, kuna kaka mmoja huko kwenye simu ana sauti nzito, kazi yake kusimulia watu waliouawa, nani aliwakuta, polisi walifanyaje, muuaji alijulikanaje, basi mwanangu anaosha vyombo huku "mwili wa marehemu ulikutwa" inaunguruma jikoni kwangu, anamenya viazi huku "mtuhumiwa alidai", anakwenda kuteka maji simu ameifunga kwenye kitenge kiunoni inaendelea kuua watu njia nzima. Nikimwambia zima, anazima, hana jeuri, lakini maneno yameshamwingia. Tuko kwenye ugali ananiuliza, "Mama, hivi maiti inachukua muda gani kukakamaa?" Jamani! Kwenye msiba wa jirani, mzee wa watu amekufa kwa presha, mwanangu akamfuata mjane akamwuliza marehemu alikula nini mara ya mwisho na nani alipika, nilitamani ardhi ipasuke nizame. Akamwambia na baba yake, "Baba, mke akipotea, wa kwanza kuchunguzwa huwa ni mume," Isdori akacheka mpaka akapaliwa, mimi sikucheka.

Dada yangu Hellena anasema hiyo siyo akili ya mtoto, kuna kitu kimemkalia, na mimi nilikuwa nabisha mpaka lilipotokea hili la sola. Jirani yangu Mama Angela aliibiwa sola juu ya paa wakati sisi wote tuko kanisani, watu wakaanza kutajana, huyu anasema fulani, yule anasema fulani, Jenifer akaomba ngazi, akapanda, akaangalia, akashuka akasema aliyechukua hakukata waya, amefungua na spana taratibu kwa hiyo anaijua kazi, na kwenye bati kuna alama za viatu zina pumba za mahindi, kwa hiyo ni mtu wa mashine. Wakaenda kwenye mashine ya kusaga, sola ikakutwa chumbani kwa kijana anayesaga, imefunikwa na viroba. Haijapita muda likapotea plau la mzee Loth, Jenifer akauliza maswali yake, nani aliliazima mara ya mwisho, nani anasema ng'ombe wake wanaumwa lakini shamba lake limelimwa, hakumtaja mtu, ila kesho yake plau likakutwa mlangoni kwa mwenyewe, limeoshwa. Basi, mama, imetosha, kijiji kizima kinasema mtoto wangu anaona.

Sikufichi, mwanzoni nilijisikia vizuri, nikipita sokoni watu wananisalimia kwa heshima, Mama Jenifer hujambo, Mama Jenifer karibu. Lakini sasa naogopa. Hellena anamjua mzee mmoja anayeosha watoto wenye vitu kama hivyo, anawaosha kwa dawa kinatoka, na mimi ni Mkatoliki, niko kwenye jumuiya, sitaki mambo hayo, lakini pia sitaki mwanangu aharibike. Swali langu ni hili, nimpokonye simu, au nimpeleke akaoshwe, au nimwache?

Halafu nilitaka kusahau. Kuna baba mmoja wa kijiji cha pili, Fabiani, alifiwa na mtoto wake mdogo, ilikuwa homa tu, wakamkimbiza zahanati akafia njiani, tangu hapo hana amani, yeye na ndugu zake wanasema mtoto hakufa hivihivi, kuna bibi, shangazi yake Fabiani, anaishi peke yake, macho mekundu, na eti alimbeba huyo mtoto jana yake kabla homa haijapanda. Wamekuja kwangu na kuku jike, wakakaa, wakasema hawana maneno mengi, wanataka Jenifer aende kwao Jumapili hii baada ya misa, amwangalie huyo bibi usoni, aseme ni yeye au si yeye. Kuku nimempokea, maana kukataa kuku wa mgeni ni aibu, nimemfunga mguu jikoni. Jenifer amekataa. Amelia kweli, ananiambia, "Mama, ushahidi uko wapi? Mtu hahukumiwi kwa macho yake." Nikamwambia aache kiburi, watu wamefiwa, akaseme neno moja tu roho zao zitulie. Tangu siku hiyo hali chakula vizuri, simu ameizima mwenyewe hataki hata kuishika, ndiyo maana nasema labda kweli ni pepo. Nishauri mama, nitakusikiliza.

Ni mimi Mama Jenifer, Nkasi.

Mama Kulsumu anajibu:

Marahaba, Mama Jenifer. Ujumbe wako nimeusoma nikicheka, hasa hapo Isdori alipopaliwa. Nilipofika mwisho nikaweka kikombe chini, chai ikapoa sikuinywa tena. Umenieleza simu, pepo, sola na plau, halafu jambo lenyewe ukalitupa mkiani: "nilitaka kusahau." Ulitaka kusahau nini, mama? Kuna mtu anaweza kuuawa Jumapili, na wewe kuku umemfunga mguu jikoni!

Barua za kipindi hiki huwa zinasubiri zamu. Hii nimeomba isomwe leo Ijumaa, kwa sababu nimekupigia tangu asubuhi hupatikani. Kwa hiyo nakwambia hapahapa hewani, wewe na mkoa mzima.

Elewa kwanza ulichoombwa. Wale hawakuja kukusalimia wala kutafuta faraja ya msiba. Wamekuja kupigiwa ramli, na mpiga ramli waliyemchagua ni binti yako. Wewe umekubali kwa niaba yake, maana kuku anayeletwa kwa mtu anayesemekana anaona si kitoweo, na usiniambie hukujua, umezaliwa hukuhuku. Jenifer akisema "ni yeye", nani atasimama mlangoni kwa yule bibi? Na akisema "si yeye", unadhani watamshukuru waende zao? Watamwuliza, "Basi ni nani?" Ramli haijawahi kuridhika na hapana.

Na hilo la "akaseme neno moja tu roho zao zitulie" limenikasirisha, sitakuficha. Neno hilo moja likishatoka, panga ndilo linalofuata. Tumeshazika vikongwe wa kutosha katika nchi hii kwa sababu ya neno moja. Watakaokamatwa ni Fabiani na nduguze, utaitwa wewe uliyepokea kuku, na mwanao ataulizwa alisema nini. Hata asipoulizwa na mtu, atajiuliza mwenyewe mpaka awe mtu mzima.

Umeandika macho mekundu kana kwamba ni ugonjwa wa kutisha. Mimi nimepikia kuni tangu nikiwa binti, njoo uniangalie macho yangu. Ni moshi! Kama macho mekundu ni uchawi, basi akina mama wa Ufipa tupandishwe sote kwenye lori la polisi.

Sasa tuje kwa mtoto. Watu wanasema Jenifer anaona. Jenifer haoni, mama. Jenifer anaangalia. Anayesema ameona, huwezi kumwuliza ameonaje, unainama tu unakubali. Anayeangalia, unapanda ngazi ileile na wewe unazikuta pumba kwenye bati. Ndiyo tofauti, na mwanao anaijua vizuri kuliko kijiji kizima, maana kwa ajili ya sola aliomba ngazi, na kwa ajili ya bibi wa watu amelia. Mtoto aliyekufa kwa homa hajaacha alama za viatu popote. Hakuna cha kuangalia pale, ndiyo maana amekwambia ushahidi uko wapi. Katika habari yote hii mtu mmoja tu ndiye ameuliza swali hilo, na huyo ndiye unayetaka kumpeleka akaoshwe! Aoshwe nini, akili?

Hali vizuri kwa sababu anaogopa, na anayemwogopa ni wewe. Umemwita mwenye kiburi pale alipokuwa anakuokoa.

Fanya hivi, na ufanye leo, usingoje baba watoto arudi. Mfungue huyo kuku, mpeleke kwa mwenyekiti wa kijiji akiwa hai, na mbele yake na mbele ya Fabiani useme kwa mdomo wako mwenyewe kwamba mwanao hapigi ramli na Jumapili haendi. Usiseme "labda siku nyingine". Usiseme "mtoto anaumwa". Ukiweka visingizio watarudi na kuku wawili. Polisi kata wenu nimeshampigia mimi, kata uliiandika mwenyewe ila hewani sikuisoma, na ukinikasirikia sawa, nitavumilia. Zungumza na wanajumuiya wenzako, huyo bibi asibaki peke yake, wapangiane zamu ya kulala kwake mpaka vichwa vipoe. Hiyo ndiyo kazi ya jumuiya, si kusali rozari peke yake. Dada yako Hellena mwambie huyo mzee wa kuosha aoshe watoto wake.

Simu usimpokonye. Wala simwambii aendelee kutwa nzima, maana maiti asubuhi, mchana na jioni si chakula cha mtoto wa umri ule. Wadogo zake wakiwepo azime. Kwenye ugali, azime. Na msibani mfiwa hahojiwi, hapo mseme bila huruma, adabu ni adabu. Lakini siku moja kaa naye, sikiliza kesi moja naye kuanzia mwanzo mpaka mwisho, halafu mwulize ni wapi paliponoga. Nakuapia hatakwambia ni pale mtu alipouawa. Atakwambia ni pale walipojua. Huyo ni wa kupelekwa kwa mwalimu wake wa sayansi aulizwe kuna kazi gani duniani za watu wa namna hiyo, maana zipo, na zinahitaji watu wasiokubali kutaja jina kwa sababu wameletewa kuku.

Tena kabla ya yote hayo, mwombe radhi. Ndiyo, mzazi kumwomba mtoto radhi. Hutapungua hata nusu kilo. Mwambie, "Ulikuwa na haki, mimi nilikosea." Halafu mpakulie ale.

Na wewe baba uliyefiwa, najua redio imewashwa kwako au kwa jirani yako. Pole sana, baba yangu. Kumbeba mtoto anayeungua homa ukaona barabara haiishi, hakuna maneno ya hilo na mimi sina. Lakini ukimtoa bibi wa watu damu, mtoto harudi, na hao waliobaki nyumbani watamkosa na baba. Nenda zahanati, kaa na mganga mfawidhi, mwulize mtoto aliumwa nini hasa, uliza mpaka uelewe. Una haki ya kujua. Yule bibi alimbeba mtoto kwa sababu ni mjukuu wake.

Majina mliyoyasikia katika barua hii nimeyabadilisha yote, la mama, la mtoto, la baba aliyefiwa, hata la mzee mwenye plau. La huyo bibi sikulibadilisha, Mama Jenifer, kwa sababu hukuliandika. Ukishamrudisha kuku pita kwake, mwamkie, umwulize anaitwa nani.