Mtoto Aliyerithi Kifo Chako

Baba yangu,

Mjukuu wako anabeba majina yako yote matatu, kama ulivyotaka. Sasa majina hayo yametuingiza matatani, nami sina mwingine wa kumlilia.

Unakumbuka baiskeli uliyoniundia uani kule Shituru kutokana na baiskeli mbili? Uliifunga ile ya zamani vyuma vya ile mpya. Palipokosekana kifaa kipya, ulikiacha cha zamani. "Kama mupya haiko, ya zamani itatumika," ulisema, mikono imejaa grisi. Mimi nilikupa spana, nikajiona fundi.

Programu niliyokabidhiwa kuitunza kwenye kituo cha afya cha Kikula hufanya vivyo hivyo. Muuguzi akiandika jina, inachota taarifa za zamani za jina hilo kwenye hifadhidata, inaweka juu yake alizoandika sasa, kisha inahifadhi zote pamoja. Alichoacha wazi, kinabaki cha zamani. Sikuwaza kabisa juu ya majina tunayorithishana, mimi niliyekulia katika nyumba iliyojaa majina ya marehemu!

Juzi mama alimpeleka mwanangu chanjo. Alizaliwa Lubumbashi, hivyo alikuwa hajaandikishwa kwetu. Muuguzi aliandika majina na uzito, akaikodolea macho skrini.

"Maman, machine inasema huyu alikufaka."

Palikuwa na anwani yako, kundi lako la damu na kifo chako.

Mama alirudi naye bila chanjo. "Mubadirishe jina," aliniambia. "Ile jina iko na kifo ndani. Miye siwezi kuita ile tena." Nilimweleza kwamba kosa ni la programu, lakini hakutaka kusikia. Tangu siku hiyo anamwita "mutoto" tu. Naogopa, Baba. Naogopa mwanangu atakua bila kuitwa jina na bibi yake, na wewe utasahaulika humu ndani.

Nimeirekebisha. Sasa kila mgonjwa anatafutwa kwa namba yake mwenyewe, jina peke yake halitoshi. Nilimfungulia mtoto kadi yake, kisha nikarudi kwenye yako. Uzito wake ulikuwa bado umeandikwa kwako: baba mzima, kilo nane. Nikaufuta, nikalia.

Leo mchana mama akisonga bukari, niliita kwa sauti, "Ilunga!" Mama aliachia mwiko, akatazama mlangoni.

Mtoto ndiye aliyegeuka.

Pumzika, Baba. Huku tunaendelea kukuita.

Binti yako,
mama wa Ilunga