Mandolini ya Umeme na Simu ya Baba

Malindi,
Jumapili, baada ya ibada

Mwende mdogo wangu,

Nakusalimu kwa moyo mzito, lakini nakusalimu. Hujambo wewe na watoto? Miguu ya Mama bado humvimba ikifika jioni? Na yule mtoto wako mdogo, kifua kimetulia? Mimi nina uzima wa kula na kutembea. Yaliyobaki utayasoma.

Ujumbe wako niliupata Alhamisi. Uliandika kwamba Baba alikuahidi mara mbili kuwa atanipigia simu, aniambie mimi kifungua mimba wake kuhusu mahali pako pa kujenga, kwa kuwa umerudi nyumbani na watoto kutoka kwa mumeo. Akanipigia kweli, na nyote mkatoka nje ili aongee nami peke yake. Ukaniuliza mbona siku ya matanga yake nilisema kingine, na sasa Baba mdogo amekupa hadi mavuno uwe umehama. Kisha ukapiga simu mara sita. Sikupokea hata moja. Ukaandika kwamba kumbe na mimi ni mmoja wao.

Nitakujibu kwanza ndipo nieleze, maana hasira zako nazijua, hazina subira. Sikupokea kwa sababu sisikii simu. Masikio yangu yamekufa, Mwende. Siku aliyonipigia Baba sikusikia neno hata moja. Na yale niliyosema mbele ya Baba mdogo, kwamba Baba alitaka kila kitu kibaki kama kilivyo, niliyatunga mwenyewe, palepale, nimekalia kiti cha Baba.

Sasa kama hujairarua barua, endelea kusoma.

Unalikumbuka lile gitaa langu la kanisani. Mwaka jana niliona sauti yake inafifia. Nikabadilisha nyuzi, nikalisugua, wapi. Nikasema limezeeka. Wakati huohuo mwenzangu wa karakana, Athumani, mwenyeji wa hapa, alioza binti yake, na kwenye ile harusi kulikuwa na mzee mmoja akipiga mandolini. Nilikumbuka kwamba zamani, nilipofika huku mara ya kwanza, mandolini ndiyo iliyokuwa ikipenya juu ya ngoma na kelele zote. Nikaamua kwamba dawa yangu ni hiyo, tena ya umeme, yenye spika yake.

Nikaenda kwa Mzee Kanji, Mhindi anayeuza cherehani, redio na vinanda. Alikuwa na mandolini moja tu ya umeme, nyekundu, boksi lake limejaa vumbi, na ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko kitu chochote chenye nyuzi mle dukani. Mzee alinionya kwa haki kabisa. "Rahisi yake utailipa kwa jasho, kijana. Hapa haijawa mandolini bado, ni mbao na nyuzi. Yataka kutengezwa." Nikacheka. Nikamwambia unaongea na seremala.

Useremala wangu ndio ulioniponza. Niliipeleka karakana, nikawa naishughulikia kwenye meza yangu saa ya chakula. Nyuzi zilikaa juu sana, ungeweza kupitisha penseli chini yake, na kuzibonyeza kuliniumiza vidole. Nikazilegeza ili nipunguze kile kipande cha mbao kinachozibeba, wanachokiita daraja. Kikadondoka. Hakikugundishwa! Nikawatukana waliokiunda, nikapaka gundi ya mbao, nikakibana kwa jiriwa hadi kesho yake. Mimi tangu nizaliwe sijaacha kipande cha mbao kikicheza.

Kumbe hakigundishwi. Hushikwa na nyuzi zenyewe, nawe hukisogeza kidogo kidogo hadi sauti za juu na za chini zipatane. Nilikaza nyuzi kwa kufuata mshale wa simu, ule unaokuonyesha kama umefika, kwa hiyo machoni mwangu kila kitu kilikuwa sawa. Nikapiga. Athumani akaacha kula. "Kioko, hiyo yaimba au yalia njaa?" Ikanibidi niking'oe kwa patasi na maji moto, kikavunjika, nikachonga kingine cha mkwaju. Tulicheka siku nzima. Hiyo ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka kucheka bila kuangalia kwanza kama wenzangu wanacheka.

Daraja likakaa vizuri. Lakini nyuzi nyembamba hazikutoa kitu. Zile nene zilivuma, hizi nyembamba ilikuwa kama nakuna kitambaa. Nikadhani ni kile kidude cha sumaku chini ya nyuzi, kinachonasa sauti na kuipeleka kwenye spika. Nikakipandisha kwa skrubu. Nikafungua nyuma, nikalehemu waya upya. Nikafungulia spika hadi mwisho. Bure. Nikajua nimeuziwa takataka, nikaibeba mandolini na spika yake hadi dukani, nikaingia nimefura, nikamsema Mzee Kanji mbele ya wateja, mtu wa makamo ya baba yangu.

Aliipokea mkononi mwangu. Aliichomeka kwenye umeme, akazipiga zile nyuzi nyembamba kabisa kwa kucha. Mimi nikasimama nikingoja, mikono kiunoni. Kando yangu kulikuwa na mama mmoja amekuja kununua nyuzi za cherehani. Nikamwona anajikunja, anaziba sikio kwa kiganja.

Mzee akanishika bega, akanigeuza nimtazame. "Yalia, mwanangu. Mandolini haina neno. Masikio yako ndiyo yana neno."

Hospitali walinionyesha kwenye karatasi. Sauti nyembamba zimekwisha, nene nazo ziko njiani. Miaka kumi na mmoja nimesimama kwenye mashine ya randa bila kuziba masikio, kwa sababu aliyeziba alichekwa. Nikamuuliza daktari kama yatarudi. Akatikisa kichwa.

Sikumwambia mtu. Msimamizi wetu alikuwa ameshamwachisha kazi fundi mmoja aliyeitwa akiwa kwenye msumeno asisikie, akapoteza vidole. Nikajifunza kutazama midomo. Nikajifunza kusema "haya" na kuondoka haraka. Simu ikilia naiacha, kisha naandika kwamba niko kwenye mashine, andikeni. Mlidhani nimekuwa mtu wa shughuli nyingi. Niliwaacha mdhani hivyo, na nilijiona mjanja.

Baba alipiga saa ya chakula. Tulikuwa tumemaliza milango ya mteja wa Kakuyuni na msimamizi alikuwa ameketi mbele yangu anakula mihogo. Mandolini ilikuwa juu ya meza yangu, imechomekwa, nalinganisha zile nyuzi nene. Nikaona jina la Baba kwenye kioo cha simu. Wewe unajua Baba hakupenda kupiga simu. Nikajua ni jambo zito, nikapokea, na msimamizi ananitazama.

Mwende, ndani ya simu kulikuwa na mvumo tu, kama gunia linaloburutwa sakafuni. Ukanyamaza. Nikaona hapa ni pa kujibu, nikasema, "Ndiyo, Baba." Mvumo ukaanza tena, mrefu. Ukanyamaza. "Ndiyo, Baba." Ilikuwa hivyo mara nne. Ningeweza kusema sisikii, Baba, mpe Mwende aniandikie. Maneno mepesi hayo. Lakini msimamizi alikuwa pale na muhogo wake mkononi, nami nikaona haya, nikaogopa kazi, nikatabasamu kama mtu anayepewa habari njema. Kisha Baba akakata.

Jioni ile nilikuandikia ujumbe kukuuliza Baba alitaka nini. Nikaufuta, maana kuuliza ni kujitangaza. Nikaandika tena kesho yake, nikafuta. Siku ya nne ukaniandikia wewe kwamba ametuacha.

Siku ya matanga Baba mdogo alinijia karibu kabisa na uso wangu, midomo yake niliisoma yote. "Kaka aliongea nawe wewe tu. Alisema nini?" Sebule nzima imenikodolea macho. Nikatafuta maneno ambayo hayatamuumiza mtu, na hayo ndiyo niliyoyapata. Nakuapia sikujua kuwa ni wewe ninayekufungia mlango. Nilikuona ukiiweka chini ile sinia ya vikombe na kutoka, nikadhani unaenda kulia msiba kama sisi wote.

Na kuna jambo jingine, ambalo ndilo linaloninyima usingizi. Niliporudi huku niliwasha mandolini, simu iko mezani karibu yake. Mteja wa Vitengeni akapiga. Kidole kikapokea bila kutaka, nikaisukuma simu pembeni, ikaegemea kile kidude cha sumaku. Sauti ya yule mtu ikanguruma kwenye spika! Nikaweka kifua na taya juu ya spika, nikashika maneno. Si yote. Nilishika "madirisha", nikashika "wiki ijayo". Siku ya Baba mandolini ilikuwa imewaka vilevile, iko mbele yangu. Ningeisogeza simu kiganja kimoja tu, ningeshika maneno yake. Siku ile nisingeweza kulijua hilo, naelewa, lakini silipati pumziko kwa kujua hivyo.

Kwa hiyo usinipigie. Niandikie, hata matusi, nitayasoma.

Barua hii mpelekee Baba mdogo, na mbele ya Mama na majirani waliokuwa sebuleni, isomwe yote, hata pale panaponiaibisha. Kesho asubuhi namwambia msimamizi mwenyewe kabla hajaambiwa na mtu, na akinitoa, ambavyo naona atanitoa, nitakuja nisimame nilirudie hili kwa kinywa changu. Baba mdogo anaweza kukataa. Anaweza kusema mwongo wa jana anaaminikaje leo.

Mshike Mama mkono kwa niaba yangu, na umwambie sikumtupa. Nisalimie mke wa Baba mdogo, aliyenipikia siku zile bila kuniuliza kitu. Nisalimie na mwalimu wa kwaya, mwambie asiniwekee nafasi tena.

Utataka kujua Baba alisema nini kuhusu wewe. Sijui, na hakuna atakayejua. Ninachojua ni kwamba aliniomba jambo, akanyamaza kungoja jibu, na kila aliponyamaza nilimjibu ndiyo. Lolote alilolitaka kwa ajili yako, Mwende, mimi nilimkubalia, na Baba yetu alikufa akijua kwamba nimekubali.

Ni mimi kaka yako,
Kioko