Papai Moja Lilitosha

Mtua, Nachingwea
Jumatatu

Kaka yangu Faridi,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Likunja, wewe na wifi Hajra na watoto, na kwamba ule mguu umeacha kukusumbua. Sisi huku hatujambo, ila mikono yangu imevimba, na sababu utaisoma sasa hivi. Ningeweza kupiga simu, lakini nakujua, ungekata kabla sijafika katikati.

Kaka, harusi ya Mwamina wa mjomba Abdala juzi Jumamosi, nyama nimepika mimi! Sufuria kubwa la wanaume, lile ambalo mwanamke haruhusiwi hata kulifunua. Mjomba alihangaika kutafuta mpishi, maana wewe tangu nyama ya arobaini ya baba iharibike mikononi mwako umeapa hutagusa tena nyama ya shughuli, na sasa ni mwaka wa tisa. Nikamwambia atulie, mtoto mwingine wa mpishi yupo. Akacheka. Nikamwuliza anacheka nini.

Ng'ombe mwenyewe sasa, yarabi! Dume zee, minofu mitupu, mafuta hata ya kupaka kisigino hakuna. Wazee wakashauri tuichemshe nyama tangu alfajiri na tumwombe Mungu. Nikakataa. Nilikata vipande vyembamba nikikatisha nyuzi za nyama, kama baba alivyotufundisha, nikavipondaponda kwa mchi juu ya ubao, kimoja kimoja, huku vijana wakinitania kwamba Sabaha anatwanga kisamvu. Nikapaka papai bichi lililokunwa, tangawizi na kitunguu saumu, nikaangalia saa. Saa nzima, basi, maana papai likizidi nyama inakuwa uji. Aliyesogelea beseni langu nilimfukuza.

Watu walikula, kaka! Upande wa bwana harusi walitoka Ruangwa midomo imeshabinuka, wakaishia kulamba vidole. Mzee Swalehe wa hapa kwetu, ambaye kabakiwa na meno mawili, aliagiza sahani ya pili, akatamka mbele ya watu kwamba mkono wa marehemu baba umerudi. Nilijisikia, sikufichi. Nilitembea pale uwanjani utadhani nimeolewa mimi.

Halafu akaongeza kwamba afadhali mkono umemwangukia binti, maana kwa Faridi uligeuka uji. Watu wakacheka sana. Mimi nikashindwa.

Sasa kaa kwanza, ndipo usome. Siku ya arobaini, ulipokwenda kuswali adhuhuri, nilifunua beseni lako. Nikadhani umesahau papai, kumbe kitunguu saumu kilikuwa kimelifunika. Nikakuna jingine zima, nikapaka, nikafunika. Nilitaka kukusaidia tu. Uliporudi hukujua, nyama ikavurugika sufuriani, wakakuita Faridi Uji mpaka ukaacha kupika. Nami nikanyamaza. Miaka tisa, kaka, kwa woga tu. Naona aibu kuliandika hili.

Juzi sikuweza tena. Nilimwomba mshereheshaji kipaza sauti, nikasema yote, jina langu na papai langu. Mjomba Abdala alisema nimejiaibisha mchana kweupe. Nikamjibu kwamba nyama ya leo ni yangu na najivunia, na ile iliyoharibika ni yangu vilevile.

Mzee Swalehe anamwozesha binti yake hapa Mtua mwezi wa kumi, korosho zikianza kuuzwa. Alitaka nipike mimi. Nimemwambia mpishi ni Faridi, Sabaha atamenya vitunguu. Amekubali, na amesema yeye mwenyewe atakuomba radhi. Nikasirikie unavyotaka, ila njoo.

Nisalimie wifi na watoto wote, na majirani wanaoniulizia. Barua hii anakuletea Jastin, kijana wa jirani yetu, anarudi huku kesho, kwa hiyo mpe jibu hukohuko.

Mdogo wako anayekuomba msamaha,
Sabaha

Vitunguu nitamenya harusi hiyo moja tu. Zinazofuata, tutapika sufuria mbili, watu waseme wenyewe.