Jumamosi Chirau Aliponena

Likoni, Mombasa
14 Agosti 1996

Dada yangu mpenzi Saadia,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumai barua hii yakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba ule mguu wako umepata nafuu. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama naye ni mzima wa afya, na kicheko chake cha juzi ndicho kilichonishikisha kalamu.

Dada, tulisafiri. Usistaajabu, safari yenyewe ilikuwa kuvuka feri tu. Ijumaa Chirau alirudi kutoka kazini akaniambia twende tukalale kisiwani siku mbili, kama wageni. Wamjua shemejio: miaka sita ya ndoa, na maneno yake ya siku nzima wayahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mwenye nyumba ya wageni pale Kibokoni alituuliza twatoka wapi. Tulipomjibu Likoni, alicheka hata akatupa chumba cha ghorofani chenye upepo.

Tulikula, dada! Jumamosi asubuhi mahamri kwa mbaazi za nazi, mchana viazi vya karai na ukwaju, alasiri kahawa na halua ingali moto. Kisha tukaingia Fort Jesus kwenye maonyesho ya picha za rangi. Palikuwa na picha ya bibi apepetaye mchele, kaelekea ukutani. Nikasema mchoraji kashindwa na uso. Chirau akaitazama kitambo, akasema la, bibi yule kaudhiwa na mtu, na bega ndilo lisemalo. Nikamwangalia kama simjui.

Magharibi ilipopita alinipeleka ukumbini kutazama mchezo wa kuigiza. Nikamkuta Mama keshaketi mstari wa mbele, kumbe Chirau alimwalika. Akaniketisha kando yake, akasema aenda kununua njugu, akapotea.

Mchezo ukaanza. Akaingia mama mkwe mmoja, kajitanda leso, mkono kiunoni, amkaripia mkwewe kwamba mwanamume asiyesema ni kama mlango usio kitasa. Ukumbi ukaangua kicheko. Mimi nikaitazama ile miguu. Dada, ilikuwa miguu ya mume wangu! Na sauti je? Kile kikohozi kabla ya kukemea, ile "Tobaa!" ya kuvuta: ilikuwa sauti ya Mama hasa. Naye Mama akanipiga paja, machozi yamtiririka, akasema, "Mwanamke huyu hana adabu! Kalelewa na nani?"

Baadaye Chirau alitujia, poda ingali shingoni. Akaeleza kwamba tangu Ramadhani alijiunga na kikundi kile, wakifanya mazoezi kila Alhamisi, na kwamba alinificha kwa kuona haya nisije nikamcheka kwa kuvaa leso.

Sasa niungame, maana sikuzoea kukuficha jambo. Alhamisi zile alikuwa akirudi amechelewa, na mara mbili nilikuta poda kwenye ukosi wa shati. Nikimuuliza, hujibu "kazi". Niliamini ana mwanamke. Safari hii niliikubali kwa nia moja: Jumapili nipande gari la Malindi nije kwako, nisirudi tena. Sikukuandikia kwa kuwa nilijua ungenikataza.

Jumapili tukivuka nilimwambia yote. Akaitazama bahari mpaka ng'ambo, nikajua nimeharibu. Tulipoteremka alisimama katikati ya watu, wauza korosho wakitupigia kelele, akasema, "Mwanarusi, kosa ni langu. Maneno yote niliyaweka kwa watu wa ukumbini, wewe sikukubakishia. Nisamehe." Nililia pale pale, dada, wala sikuona haya.

Tangu siku hiyo hajanyamaza. Hata sasa niandikapo yuko mlangoni anisimulia habari za jirani ambazo ni mimi niliyemwambia.

Mama alistaajabu kusikia kwamba yule alikuwa mkwewe, ila mpaka leo hajui aliyeigwa ni nani. Mchezo warudiwa mwisho wa mwezi, naye keshaapa kwenda tena. Njoo, dada. Uketi upande wake mmoja, nami mwingine, tumshike pamoja siku atakapojitambua.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Chirau akusalimu kwa maneno mengi, karatasi imekuwa ndogo.

Ni mimi nduguyo akupendaye,
Mwanarusi