Mkurugenzi wa Chumba Kimoja

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti lako limepoa? Mama bado anakushinda karata? Mimi mzima, ila vidole vimejaa alama za pini.

Chumba nimepata, kati ya kinyozi na duka la rangi. Kochi langu la kwanza nimelivisha kitambaa kipya. Mteja mwenye kochi alilikalia akakataa kuinuka. Tatizo ni kibao. Mchoraji kasimama mlangoni na brashi, ananiuliza, "Dada, niandike wewe ni nani?" Nikamwambia arudi baadaye. Ofisini cheo nilipewa na wakubwa. Hapa niko peke yangu, najiajiri na kujigombeza mwenyewe. Wewe ndiye mjuzi wa vyeo kwetu, niambie upesi. Bosi wa zamani kaniwekea nafasi yangu mpaka mwisho wa Aprili. Wateja wasipokuja narudi kupiga mihuri, na sitaki, Baba. Sitaki kabisa.

Binti yako

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linanung'unika, Mama yako anaendelea kuiba karata.

Swali lako limenifurahisha mno. Mimi nilistaafu nikiwa Kaimu Karani Mkuu. Kaimu! Miaka yote ile hawakulifuta hilo neno mlangoni. Wewe huna wa kukukaimisha. Andika MKURUGENZI MTENDAJI, herufi kubwa, rangi nyekundu. Nimeshawaambia majirani. Siku hizi mwenye duka wa hapa jirani ananivutia kiti kabla sijafika.

Baba wa Mkurugenzi

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hamjambo huko? Huku afya ipo, kazi hakuna.

Kibao kinapendeza, lakini kinaniletea watu wasio wangu. Vijana wanakuja na barua za kuomba kazi. Nimealikwa niwe mgeni rasmi kwenye mahafali ya chekechea, na mwalimu kasisitiza nisije mikono mitupu. Jana mama mmoja alikuja na kiti kichwani, akasoma kibao, akageuka kuondoka. Nikamkimbilia.

"Mwanangu, hapa ni pa wakubwa," akasema. "Mimi natafuta fundi."

"Fundi ni mimi, mama."

Akanitazama juu mpaka chini. "Sasa unajificha nini?"

Nilikitengeneza pale pale, yeye kakalia sponji ananimwagia umbea wa mtaa mzima. Sijawahi kufurahi hivyo kazini. Baba, nimemwita mchoraji tena. Sasa ni FUNDI WA MAKOCHI NA VITI, basi. Najua umeshatangaza, na nakuogopa, lakini nimefuta. Niwie radhi.

Binti yako

20 Aprili

Baba,

Shikamoo tena. Kimya chako kinaniogopesha. Sijui niulizie goti au hasira.

Makochi yamejaa hadi kibarazani. Kinyozi analalamika kwamba wateja wake wananogewa kuyakalia hata wakishanyolewa. Yule mama kanitangaza kuliko rangi nyekundu. Leo nimempigia bosi, nikamwambia nafasi yangu ampe mwingine. Alicheka, kisha akauliza kama natengeneza na viti vya ofisini! Nina furaha, Baba, lakini haijakamilika bila neno lako. Niandikie, hata kama ni kunigombeza.

Binti yako

28 Aprili

Mwanangu Fundi,

Marahaba, mara mbili. Sisi wazima.

Nilinuna, sifichi. Nikawa napita njia ya nyuma nisionane na mwenye duka. Mama yako akachoka na mimi. "Huyo mkurugenzi wako angemwongoza nani mle chumbani? Sponji?" Nikaenda dukani, nikasema kwa sauti watu wasikie: "Binti yangu ni fundi wa makochi." Nilidhani nitanyimwa hata pa kukaa. Mwenye duka akaruka: "Fundi! Na ulikuwa unatuficha? Kiti hicho ninachokuvutia kinanichoma misumari tangu mwaka juzi!" Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka kuwashinda. Mwanangu, najivunia wewe. Nilipaswa kulisema hilo kwanza, kabla ya mambo ya vyeo.

Jumatatu nakuja na kiti chake, na viwili vya majirani. Goti halinizuii kukaa chini nikang'oa pini za zamani wewe ukivisha. Kibao usikiguse, mimi sihitaji kuandikwa. Cheo changu nimeshakichagua.

Baba yako,
Saidia Fundi