Kama Lukas Angevaa Jaketi

Kibirizi, Kigoma
Alhamisi, mwezi wa tatu

Kaka yangu Mchungaji Emmanueli,

Shikamoo. Mume wangu Lukas alizama tarehe tisa Novemba mwaka jana, na ziwa likamrudisha siku ya tatu. Unalijua hilo, maana ulimzika wewe. Nimelitanguliza ili usiseme tena kwamba Elida anazunguka. Shemeji hajambo? Mguu wake umepoa? Mahindi ya Simbo yamebeba mwaka huu? Sisi huku tunapumua. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nikikuuliza swali unaniombea, kisha unakata.

Kaka, naogopa. Nilianza na beseni moja la dagaa kichwani, leo nina chanja kumi na nne za kuanikia na boti isiyo ya mtu mwingine. Siogopi ovyo. Lakini tangu wiki mbili zilizopita nikisikia upepo unatikisa bati, naamka kwenda kutazama ziwa.

Siku ile kaburini ulisema siku za Lukas zilikuwa zimepangwa kabla hajazaliwa, na hakuna upepo ambao ungeziongeza au kuzipunguza. Watu wakaitikia amina. Mwanangu Bariki naye akaitikia, tena kwa sauti. Ana miaka kumi na tisa, na sasa ndiye anayeshika injini mahali pa baba yake.

Unajua mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, kwa hiyo boti hupumzika hadi giza lirudi. Giza lililopita Bariki aliyafungia stoo majaketi yote ya kuokolea. Akawaambia wenzake kwamba mwenye siku yake ana siku yake, na majaketi yanakula nafasi ya dagaa. Mzee Samson, ambaye alikuwa na Lukas siku ya msiba, akagoma kupanda. Bariki akamdhihaki mbele ya watu, akimwuliza kama anachoogopa ni Mungu au maji. Samson akamjibu kwamba Mungu anamwogopa, maji anayajua. Ufuko mzima ukacheka. Mimi sikucheka. Wakatoka watatu, upepo ukawakuta katikati, wakarudi asubuhi boti imejaa, wamekaa kwenye maji hadi kiunoni na nusu ya wavu imekwenda. Nililia kama mtoto. Mwanangu akanifuta machozi huku anatabasamu, akasema nisihangaike, siku yake bado.

Nikimwambia boti ni yangu na haitoki, ananijibu kwamba Kibirizi haina boti moja.

Basi nimepiga hesabu. Siku aliyozama Lukas walikuwa watu wanne na majaketi manne. Watatu walivaa, na watatu walirudi. Lukas lake alilikalia, eti ubao unaumiza. Kama siku yake ilikuwa imepangwa, je, za wale watatu zilipangwa pamoja na majaketi yao? Nilikuuliza hilo kwenye simu. Ukaniambia Mungu anatawala yote, na mwanadamu naye ana hiari yake, na yote mawili ni kweli, ila akili zetu ni fupi. Sawa, yangu ni fupi. Lakini Bariki amechukua nusu ya kwanza tu akaondoka nayo ziwani, na nusu hiyo alipewa na wewe. Jirani yangu Mwanvua wa Ujiji anasema kwao pia wanaamini kadari, lakini duka lake analifunga kwa kufuli mbili. Na marehemu mama, unakumbuka, alikuwa akimwita Mungu Imana, akisema Imana humpa mtu jembe, hamlimii.

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia mtu. Si mahubiri yako peke yake. Miezi yote hii minne mimi ndiye niliyekuwa nikimrudia Bariki maneno yale, kila tukiketi kula. Niliyahitaji, kaka. Jioni ile Lukas alipokuwa anatoka nilimshika shati. Nilimwonyesha wingu upande wa Kongo, nikamsihi asiende, na kama lazima aende, basi avae. Akaniita Mama Hesabu, akacheka, akajinasua. Kama ni Mungu aliyemwita, Lukas hakunidharau. Aliitwa tu, akaitika. Lakini kama alichagua mwenyewe, basi alinisikia vizuri, akanitazama usoni, akachagua kwenda. Hilo ndilo siwezi kulala nalo kitanda kimoja. Neno lako lilinifunika kama blanketi, nami nikalivuta hadi kichwani, sikuona kwamba mwanangu amelala chini yake pamoja nami.

Liondoe. Hata mimi nikibaki na baridi, liondoe. Nitajifunza kumkasirikia Lukas kama wajane wengine wanavyowakasirikia waume zao.

Nisalimie shemeji sana, na mama mkwe wako Veneranda, na waumini wote wa Simbo wanaoniulizia. Dagaa nimewafungia mfuko mmoja, atawaleta huyo huyo mwenye barua.

Giza linaanza Jumatatu, na boti zinatoka saa kumi jioni. Uwe umefika Kibirizi kabla ya saa tisa. Usimame mbele ya Bariki, usianze na maombi, umjibu swali moja mimi nikisikia: baba yake angevaa jaketi, angekuwa hai? Ndiyo, au hapana.

Mdogo wako,
Elida