Kifimbo Kilichopinda

Arusha, Jumamosi, baada ya chakula

Na mimi nilikuwa nakagua tu! Shangazi alinituma peke yangu nikachague kifimbo cha kusukumia chapati, akasema nikileta kilichopinda hatanituma tena sokoni. Kwa babu mchongaji nikachukua kimoja, nikafumba jicho moja, nikakitazama kwa urefu kama shangazi alivyonionyesha. Sikuona kwamba nimekielekeza kwenye lango la boma la Wadachi.

Askari aliyekuwa akitoka akainua mikono. “Usipige, binti, nina watoto!”

Soko zima likacheka. Nilitaka kulipa nikimbie, lakini kifimbo kilikuwa kimepinda, na nilikuwa nimekwisha kuona. Tangu nimalize shule sijasema neno mbele ya watu wengi. Nikasema, sijui kwa sauti ya nani, “Babu, hiki kimepinda.”

“Kumbe ungenikosa!” askari akasema.

Nikacheka na mimi. Babu mchongaji akanipa kingine, na safari hii nikalenga mti. Kimenyooka.

Shangazi alipokipokea alifumba jicho, akakilenga kwangu. Nikainua mikono.

“Jumatatu utaninunulia na kibao cha kusukumia,” akasema.

Nimekipaka mafuta ya ufuta, nikakiweka mbali na moto kisipasuke. Lakini kibao nacho kinakaguliwaje? Sijathubutu kuuliza.